Maswali ya Njiani: Reli ya Sakania, treni ya Kapiri na kipande cha katikati

Jambo zenu, wasomaji. Tangu redio zianze kuimba Lobito, ile reli ya kwenda bandari ya Angola, asubuhi na jioni, kila mtu wa Lubumbashi amekuwa fundi wa reli, na barua za mwezi huu karibu zote ni za treni. Sawa. Mimi ni binti wa mtu wa reli: baba aliandika namba za mabehewa pale gare (stesheni) ya Sakania mpaka alipopata pensheni, na mimi mwenyewe nakula kwa vitenge vya Kariakoo. Swali la njia naliweza. Swali la viza usiniulize, hiyo inabadilika. Nenda DGM, ofisi ya uhamiaji, hapa mjini, au konsuli ya Zambia, nayo iko hapahapa Lubumbashi.

*Jambo Mama. Nauza vitenge soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi. Bibi mmoja kaniambia nipande treni Sakania, nishuke Dar es Salaam, nauli ndogo kuliko basi na mzigo unapita wote. Ni kweli? Aksanti.*
*Mama wa Katuba*

Mama mwenzangu, huyo bibi amekuunganishia safari mbili. Reli ya Sakania ni ya SNCC, shirika letu la reli. Inatoka hapa mjini, inapita Tshinsenda na Mokambo, inafika Sakania, na ng'ambo inapokelewa na reli ya Zambia kuelekea Ndola. Reli ya Dar ni nyingine, TAZARA, na mwanzo wake ni Kapiri Mposhi, ndani kabisa ya Zambia. Vyuma vimeungana, hilo kweli. Upana ni uleule, milimita 1,067, na behewa la shaba linaweza kutoka Katanga likafika Dar bila mtu kulipakua njiani. Lakini wewe si shaba. Abiria anayekwenda Zambia leo anashika barabara ya Kasumbalesa, treni yake anaikuta Kapiri. Na hapo katikati, kutoka mlangoni kwako hadi kwenye ngazi za behewa, ndipo pesa zinapotoka mfukoni, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Gari la Kasumbalesa panda alfajiri. Ni kilomita 90 na kitu, lami nzima, na peaji, kizuizi cha kulipia barabara, iko njiani. Tazama mlango wa gari. Magari mengi ya hapa yana usukani wa kulia, yametoka Japani yakapitia Dar, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mlango wa abiria unafunguka katikati ya njia. Ukishuka na furushi kichwani, geuka nyuma kwanza, ndiyo uweke mguu chini.

Mpakani, pasipoti ishike mwenyewe. Utamwona kijana msafi, karatasi mkononi, anasema, "Mama, leta nikusaidie, najuana na wakubwa." Mwache ajuane nao. DGM wanakugongea muhuri wa kutoka, unatembea, Wazambia wanakugongea wa kuingia, na dirisha la afya linataka kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kama una kadi ya zamani usidanganywe kwamba imeisha kwa sababu imepita miaka kumi. Tangu 2016 sheria ya afya ya kimataifa inasema chanjo hiyo ni ya maisha.

Pesa sasa. Badilisha kiasi cha kukufikisha Kitwe tu. Kambisti wa mpakani ana vidole vyepesi, na mchezo wake ni huu: noti moja anaikunja katikati, anaipachika ndani ya bunda, na anapohesabu kwa kupeperusha pembe, noti hiyo moja inahesabika mbili. Usihesabu bunda likiwa mkononi mwake. Mwambie akuwekee kwacha moja moja kiganjani, zote zimenyooka. Akikasirika, huyo hakuwa wako. Na jihadhari na mtu anayekupa noti za zamani zenye masifuri mengi: Zambia ilifuta masifuri matatu mwaka 2013, na noti zile leo ni za kuwachezesha watoto.

Ukishavuka, magari yamehamia kushoto. Macho yetu ya Lubumbashi yamezoea kutazama kushoto kwanza, kule tazama kulia. Nasema hivi kwa sababu pale baada ya kizuizi, kati ya malori, watu wanagongwa wakiwa wanahesabu chenji.

Kutoka hapo hadi Kapiri ni barabara moja tu, Wazambia wanaiita T3: Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi. Hata ukilala usingizi huipotezi. Kuna basi za moja kwa moja za Lusaka, zinapita Kapiri, na kuna minibasi za kudonoa mji kwa mji. Ukienda mikono mitupu, donoa, utasubiri kidogo. Ukirudi na marobota, kaa kwenye la moja kwa moja hata likichelewa kujaa, maana kila mji unaposhuka unalipa mbebaji wa kushusha na mbebaji wa kupandisha. Ukijua Kibemba hata cha salamu, nauli inashuka yenyewe. Wengi wetu tunakijua, aibu tu ndiyo inatuzuia.

Kapiri ina stesheni mbili. Ya mjini ni ya reli ya Zambia, ile inayopanda Kitwe na kushuka Lusaka na Livingstone. Ya TAZARA iko pembeni, kama kilomita mbili hivi, wanaiita New Kapiri Mposhi, na huwezi kuikosea ukiiona: jumba kubwa lenye ukumbi mrefu, Wachina walilijenga miaka ya sabini kwa ajili ya umati. Basi litakushusha barabarani mjini. Usiingie taksi kabla ya kutamka TAZARA kwa sauti na kukubaliana bei. Ukisema "stesheni" tu, utapelekwa ile ya karibu, halafu utalipa tena.

Treni yenyewe ina daraja la kwanza, chumba cha vitanda vinne, na daraja la pili, vitanda sita, halafu viti. Wanawake na wanaume hawachanganywi chumba kimoja isipokuwa mmekikata chote. Sisi akina mama tukiwa wanne tunakata chumba kizima cha kwanza: mlango unafungwa kwa ndani, marobota yanakaa chini ya vitanda na kwenye rafu, na hakuna mtu wa kukuamsha usiku akiuliza kitambulisho cha mfuko. Kwenye karatasi safari ni ya siku mbili hivi. Usimwahidi mteja tarehe. Ni kilomita 1,860, na treni ikisimama porini hakuna wa kumuuliza.

Kabla ya kufunga hata sanduku, ulizia kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo. Imewahi kusimamishwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kichina CCECC wa kuifufua reli, na kazi ya vyuma ikianza, ratiba ya abiria ndiyo ya kwanza kuyumba. Ukikuta haitembei, Kapiri hiyohiyo inakupa basi za Nakonde: barabara ya T2 inaanza kuelekea kaskazini mashariki hapo, inapita Serenje na Mpika.

Nakonde na Tunduma ndiyo stesheni za mpakani za njia hii, na hapa TAZARA inakupa starehe ambayo Kasumbalesa haina. Maofisa wanapanda ndani ya treni. Wewe umekaa kitandani, unatoa pasipoti, wanaandika, wanagonga, wanashuka. Wabadilisha pesa nao wanapanda, kwa hiyo somo la noti iliyokunjwa linarudi. Maliza kwacha zako hapo, nunua hata sabuni, maana Dar hutapata wa kuzipokea kwa bei ya maana. Na saa yako isogeze mbele saa moja: sisi na Zambia tunalingana, Tanzania iko mbele.

Dar utashuka stesheni ya TAZARA, kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, chini ya lile daraja la juu la Mfugale lililofunguliwa 2018. Kariakoo haiko hapo. Kwenda, panda daladala. Kurudi na mzigo, daladala utagombana nao bure, kodi kirikuu, yale magari madogo ya mizigo, na hakikisha kamba ni zako. Kamba za dereva zinafunguka njiani, sijui kwa nini, na robota linalodondoka Buguruni haliokotwi na mwenyewe.

Bei ya treni na ya basi la moja kwa moja kutoka Lubumbashi? Treni ni nafuu, na inabeba zaidi bila maneno. Basi linafika. Mimi mwenye mtaji mdogo nikiwa na haraka napanda basi, mzigo ukiwa mkubwa na wateja wavumilivu napanda treni. Bibi yako hakukosea nauli, alikosea stesheni.

*Mama, nilishuka Kapiri usiku, dereva akanizungusha mji mzima, nikalipa kwacha nyingi, asubuhi naona stesheni niliyoshukia iko pale pale. Nimshitaki wapi?*
*Kijana wa Kampemba*

Mwanangu, hutampata. Mara nyingine usiku usitoke kwenye mwanga wa barabara kuu. Pale zinaposimama basi za Lusaka pana mama wanauza chai na mayai, kaa nao mpaka kuche, kilomita mbili hazikimbii. Na ukilazimika kwenda, muulize muuza chai bei mbele ya dereva. Hatadanganya mbele ya mtu anayemwona kila siku.

*Mama, mimi ni mwanafunzi wa Unilu, chuo kikuu cha hapa. Watu wote wanapita Kasumbalesa, malori yote Kasumbalesa, mbona reli yetu imekwenda kuzunguka Sakania? Wazungu walipotea?*

Hawakupotea, mwanangu. Wewe unatazama ramani ya leo. Irudishe nyuma. Reli ilikuwa inapanda kutoka Cape ya Afrika Kusini, ikafika Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, mwaka 1906. Kaskazini ya hapo palikuwa na sababu mbili tu za kuendelea: mgodi wa Bwana Mkubwa pale Ndola, na shaba ya Katanga. Kitwe haikuwepo. Chingola haikuwepo. Chililabombwe haikuwepo. Miji yote ile unayoipita kwa basi ilizaliwa baadaye, migodi ya upande ule ilipofunguliwa kuanzia miaka ya ishirini. Sasa wewe ungekuwa Robert Williams, mwenye kampuni ya Tanganyika Concessions, ungepitisha reli porini kwa ajili ya nani? Alichukua njia ya kutoka Ndola kuingia Katanga, na mwisho wa 1909 vyuma vikavuka mpaka kuingia Sakania. Mwaka uliofuata, 1910, vikafika hapa, na mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ukaanza mwaka huohuo. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa 1911, na hiyo inakueleza haraka yao.

Chukua ramani, uone ile buti ya Sakania, kipande cha Kongo kilichochomekwa tumboni mwa Zambia. Ni matokeo ya mapatano ya 1894 kati ya Waingereza na mfalme Leopold wa Ubelgiji: mstari unafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji ya Kongo na ya Zambezi, halafu unaukimbilia mto Luapula. Reli imebanana na mstari huo. Mokambo, ukitupa jiwe, linaangukia upande wa Mufulira.

Kwa miaka mingi gare ile ndogo ilikuwa mlango mkubwa wa Katanga. Makaa ya mawe ya Wankie, kule Zimbabwe ya leo, yalipita hapo, mashine, unga, watu. Reli ya kwenda Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilikamilika 1928 tu. Kabla ya hapo, ukitaka kupeleka shaba baharini bila kuhangaika na mito na maziwa, njia ilikuwa ya kusini.

Baba alikuwa anasimama kati ya njia mbili za reli na kipande cha chaki. Treni ikitoka Ndola, anatembea toka behewa la mwisho hadi la kwanza, anasoma namba, anaangalia risasi ya forodha mlangoni, ile punje ya madini iliyobanwa kwenye waya. Waya ukiwa umekatwa na kukunjwa tena, anaweka alama ya X ubavuni, behewa linatolewa pembeni. Alisema mwizi mzuri hakati waya katikati, anaukata chini ya punje ili uone mzima. Kwa hiyo yeye hakuwa anatazama, alikuwa anavuta. Siku hizi kontena zina vifunga vya namba, lakini mimi bado marobota yangu naweka fundo langu na kulivuta kila ninaposhuka.

Kasumbalesa ni mtoto wa lori. Barabara ilipokuwa nzuri na reli ilipochoka, mzigo ukahama, na foleni unayoiona ndiyo reli iliyogeuka matairi. Ukitaka andiko la chuo, andika hilo, ni bora kuliko "wazungu walipotea".

*Jambo yenu. Mimi ni manseba, dereva wa pikipiki za abiria, wa Kasumbalesa. Nataka kumtembelea yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) Sakania. Wengine wananiambia nipite Zambia, lami nzuri, Mufulira halafu Mokambo. Wewe unaonaje?*

Mdogo wangu, pita kwetu. Sakania ni teritwari (wilaya) yako mwenyewe, Kasumbalesa imo ndani yake, barabara ya upande wa Kongo inapita Mokambo hadi Sakania. Vumbi utakula, ndiyo, lakini ukikata kupitia Zambia unatoka nchini na kuingia tena siku hiyohiyo, mihuri minne, na pikipiki yako nayo inataka karatasi zake. Lami hiyo itakugharimu kuliko petroli.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Wazambia wanafanya kinyume chako. Mtu wa Mufulira anayekwenda Mansa anaingia Kongo Mokambo, anakata ile buti kama kilomita 70, anatokea Chembe kwenye mto Luapula. Bila hivyo azunguke Kapiri na Serenje, mamia ya kilomita. Zamani kule Chembe walivuka kwa pantoni. Daraja lilifunguliwa 2008, likapewa jina la Levy Mwanawasa. Kwa hiyo ukifika Mokambo ukakuta magari ya Zambia yamejaa, hayajapotea, yanapita tu.

Ukifika Sakania, usimwambie yaya wako akungoje gare kana kwamba utashuka kwenye treni. Mwambie sokoni. Gare ni ya mabehewa ya mizigo, na mtu anayezurura kwenye njia za reli anaulizwa maswali. Nisalimie mti wa maembe ulioko nyuma ya nyumba za kambi ya reli, kama bado upo.

*Mama, mimi nilikuwa BCK, kampuni ya reli ya zamani, halafu SNCC, sasa niko nyumbani. Wajukuu wananiambia kwa Lobito tutapanda treni hapa tukaogelee baharini. Niwaambie nini?*
*Papa wa Kamalondo*

Papa, wewe ndiye ungenifundisha, lakini wajukuu huwa hawamsikii babu mpaka asemewe na mtu mwingine. Waambie hivi. Gare ya mpakani upande wetu ni Dilolo, upande wa Angola ni Luau. Reli ya Benguela ilifika mpakani 1929, ikaungana na ya Katanga 1931, na wewe unajua ilivyobeba. Halafu vita vya Angola kuanzia 1975 vikaikata. Wachina wakaijenga upya, ikarudi Luau 2015. Mwaka 2023 sehemu ya mizigo ya Lobito hadi Luau, karibu kilomita 1,300, ikakabidhiwa kwa miaka 30 kwa muungano wa Trafigura, Mota-Engil ya Ureno na Vecturis ya Ubelgiji. Hiyo ndiyo Lobito ya redioni: shaba na kobalti kwenda, salfa na mashine kurudi.

Mjukuu hayumo humo. Upande wa Angola treni za abiria zimebaki kwa shirika lao la CFB. Upande wetu, kutoka Kolwezi hadi Dilolo, ni zaidi ya kilomita 400 za reli ambayo wewe mwenyewe ungeikagua kwa miguu kabla ya kuipanda. Mtu anayeshikilia kwenda akate vipande: Lubumbashi, Likasi, Kolwezi kwa barabara, hapo lami ipo. Baada ya Kolwezi aulize madereva wa siku hiyo, hasa mvua zikiwa zimeanza, asimuulize mtu wa ofisini. Akivuka Luau arudishe saa nyuma saa moja, ajifunze Kireno cha kuomba maji, na abebe dola ndogondogo, maana noti ya mia haina chenji mpakani popote duniani.

Kama ni kuogelea tu, Papa, wapeleke Moba kwenye ziwa Tanganyika. Bahari haitawatambua.

*Mama, mpaka ukifungwa ghafla na mimi niko ng'ambo na mzigo, nifanye nini? Mwaka ule nilikwama Chililabombwe na samaki.*
*Mama Tomson, Ruashi*

Pole sana, nakumbuka. Ilikuwa Agosti 2024. Serikali yetu ilikuwa imezuia bia na vinywaji baridi vya nje, kukawa na maandamano Kasumbalesa upande wa Kongo, na Zambia ikafunga vituo vitatu kwa pamoja: Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Ilichukua siku chache, lakini samaki hahesabu siku kama mtu.

Kwanza, angalia hapo: vilifungwa vyote vitatu. Kuna akina mama walikimbilia Mokambo na malori ya kukodi, wakalipa nauli ya bure. Mpaka mmoja ukifungwa kwa fujo za mahali, kimbia mwingine. Serikali ikifunga, kaa. Kwanza uliza ni nani amefunga, ndipo utafute gari.

Pili, usingoje kwenye kizuizi. Rudi Chililabombwe au Chingola, kuna vyumba vya bei ya maana na kuna maduka yenye friji. Samaki wa barafu, tafuta muuza samaki wa hapo, mpe sehemu ya mzigo auze kwake, akuwekee sehemu nyingine kwenye friji yake. Utapata hasara ya theluthi, afadhali hiyo kuliko kuzika boksi zote. Unga na mafuta havina haraka, vifunike tu na turubai, usiviache juu ya lori usiku.

Tatu, kijana wa pikipiki atakuambia anajua njia ya porini. Anaijua. Lakini siku ambayo mpaka umefungwa ndiyo siku ambayo njia ile ina askari wa pande zote mbili, nao hawana kazi nyingine. Ukikamatwa huna muhuri wa kutoka Zambia wala wa kuingia Kongo, na mzigo hauna karatasi ya forodha, kwa hiyo huna hata pa kuanzia kulalamika.

Nne, na hili lihusu safari zote: kwenye mkoba wa kiunoni tenga kwacha za kulala siku tatu, usiziguse hata bei ya unga ikishuka mbele ya macho yako. Namba ya simu ya mtu mmoja wa kila upande iandike kwenye karatasi, siyo kwenye simu tu, maana laini ya Kongo ikivuka mpaka inakula salio na betri, na siku kama zile kila mtu anatafuta pa kuchaji.

Barua za nauli ya Kipushi zimefika, nitazijibu mwezi ujao, pamoja na ya yule papa anayetaka kupitisha mbuzi wawili peaji wakiwa ndani ya taksi.